Siku Mbili za Kungoja

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo pengine hamjapata kulisikia likisemwa mimbarani. Ni habari ya kupaka nywele rangi nyumbani, kwa mikono yetu wenyewe, ili tusilipe fedha za saluni.

Msicheke. Bwana Yesu mwenyewe alizungumza habari za nywele. Katika Mathayo sura ya 10, mstari wa 30, aliwaambia wanafunzi wake kwamba hata nywele za vichwa vyao zimehesabiwa. Ikiwa Baba yetu wa mbinguni hakuona ni jambo dogo kuzihesabu, si vibaya sisi nasi tukizizungumzia kwa muda mfupi asubuhi ya leo.

Kwanza na tuseme wazi: hatukuja kumhukumu mtu. Wako Wakristo wema wanaopaka rangi, na wako Wakristo wema wasiopaka. Tena kuweka akiba si dhambi, ni hekima. Mama anayeacha kwenda saluni ili mtoto apate karo amefanya jambo jema. Lakini katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ya kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama yote kabla ya kuweka msingi. Swali letu leo ni hili: je, tunapoweka akiba kwa njia hii, tumehesabu gharama yote?

Hebu tumfikirie mama mmoja. Jina lake halina haja, kwa maana mama kama huyu yuko katika kila kanisa. Tuseme anakaa huku Kona Baridi, penye upepo ule usiochoka, mahali ambapo barabara ya Magadi huviacha vilima vya Ngong na kuanza kuteremkia Bonde la Ufa. Jumamosi binti wa dada yake anaolewa Kitengela. Mama huyu ana mvi mbele ya kichwa, naye hataki kuonekana mzee katika picha za arusi. Saluni ni ghali. Basi Ijumaa, akirudi kutoka soko la Kiserian, ananunua pakiti ndogo ya unga mweusi. Usiku, kazi zikiisha, anauchanganya na maji.

Binti yake anamwuliza, "Mama, umesoma karatasi iliyo ndani?"

Naye anajibu, "Mwanangu, hii ni rangi tu. Tangu lini rangi ikasomewa?"

Sasa, lau mama yule angeisoma ile karatasi, angekuta kwamba yamkini inamtaka apake kidogo nyuma ya sikio, au kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, kisha angoje saa 48 aone kama ngozi itakataa. Saa 48 ni siku mbili. Na arusi ni kesho. Hapo ndipo penye shida yetu. Fedha za pakiti anazo. Siku mbili hana.

Kwa nini wangojewe siku mbili? Na tueleze. Rangi nyingi nyeusi za kudumu, za unga na za majimaji, hutengenezwa kwa kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Unywele umefunikwa na magamba madogo sana, kama vigae juu ya paa. Dawa hulegeza magamba hayo, kemikali huingia ndani ikiwa changa, na huko ndani hukomaa, huungana na kuwa nyeusi, hata isiweze kutoka tena. Ndiyo sababu rangi haioshwi na sabuni. Unywele wenyewe hauna uhai wala hausikii maumivu. Lakini ngozi ya kichwa ni hai, na ngozi ya watu wengine huichukia kemikali hii kabisa.

Mtu wa namna hiyo huanza kuwashwa. Baadaye, pengine baada ya saa chache, pengine kesho yake au siku ya pili, kope huvimba, paji la uso huvimba, masikio hutoa maji. Wachache huvimba hata koo, na pumzi ikazibwa. Hilo la mwisho si jambo la kungoja kupambazuke. Ni la kupelekwa hospitali usiku uleule. Basi mfikirieni mama yetu akiwa Kona Baridi saa nane za usiku, upepo ukivuma nje, na gari la kumteremsha hadi Kiserian halipo. Zile fedha za saluni alizoziokoa zitatosha kumlipa mwenye gari?

Tena liko jambo linalowadanganya wengi. Mtu husema, "Mimi nimepaka miaka kumi, sijawahi kudhurika." Mwili hauendi hivyo. Waweza kuipokea kemikali hii mara nyingi, kisha siku moja ukaikataa, na tangu siku hiyo ukaikataa maisha yote. Kwa hiyo kule kujaribu kidogo nyuma ya sikio kwafaa kufanywa kila mara, hata kama pakiti ni ile ile ya siku zote.

Onyo hili halikuanza jana. Huko Marekani mwaka 1933 kulikuwa na rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, nayo ilikuwa na kemikali ya namna hii. Wanawake waliipaka wapate kupendeza, na baadhi yao wakapofuka. Mwaka 1938 nchi ile ikapitisha sheria mpya ya vyakula, dawa na vipodozi. Sheria hiyo ilitaka pakiti za rangi za nywele za namna hii ziwe na maneno ya kuwaambia watu wajaribu kwanza juu ya ngozi, na kwamba zisipakwe kamwe kwenye kope wala nyusi. Kwa hiyo ile karatasi ndogo ambayo mama yetu aliitupa jikoni haikuandikwa ili kujaza pakiti. Nyuma yake kuna macho ya wanawake waliopaka kabla yetu.

Na tusidhani kwamba ni mambo ya ng'ambo tu. Jirani zetu wa Sudan wamezoea hina tangu zamani, kama ndugu zetu wa pwani. Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyosagwa. Rangi yake ni nyekundu au hudhurungi, nayo hutaka saa nyingi ndipo ikolee. Watu wakaona hizo saa ni nyingi mno. Wakaanza kuichanganya na PPD, wapate weusi, na waupate upesi. Mwaka 1983 madaktari waliokuwa Khartoum walikuwa wameanza kuandika katika magazeti ya kitabibu juu ya watu waliodhurika na kemikali hiyo, hata mafigo.

Hapa kwetu, Lamu, Mombasa na Unguja, mnaijua piko, yale maua meusi ambayo bibi arusi huchorwa mikononi na miguuni. Siku hizi piko mara nyingi huchorwa kwa unga ule ule wa rangi ya nywele. Basi kama wewe, au binti yako, aliwahi kuchorwa piko pahali pakavimba au pakatoka malengelenge, lisikilizeni neno hili vizuri: huyo asipake rangi ya namna hii kichwani. Mwili wake umekwisha kutoa jibu. Asiujaribu tena hata nyuma ya sikio.

Mmeona, wapendwa, jinsi mambo haya yanavyofanana? Mama wa Kona Baridi ana pakiti, lakini hana siku mbili. Wale wa Khartoum walikuwa na hina, lakini hawakutaka kuzingoja saa zake. Twaona mara nyingi kwamba mtu anayetafuta kitu cha bei nafuu ataweza kutoa fedha kidogo, ataweza kutoa jasho, lakini kutoa siku zake hataki. Na kumbe siku ndizo maskini alizo nazo sawa na tajiri. Kungoja hakuuzwi dukani. Mama asiye na shilingi ya saluni anaweza kungoja sawasawa na mke wa waziri.

Basi na tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Ikiwa umeazimu kupaka, nunua pakiti siku nyingi kabla ya arusi, wala usiinunue mkesha wake. Nunua iliyo na maandishi unayoweza kuyasoma, yasemayo kilichomo ndani na tarehe ya mwisho ya kutumiwa. Unga unaopimwa kwa kijiko na kufungwa katika karatasi ya nailoni, uache huko huko sokoni. Jaribu nyuma ya sikio kama karatasi isemavyo, kisha ngoja. Ukiwashwa, acha, na hizo shilingi chache uzihesabu kuwa zimekusaidia. Hata usipowashwa, endelea kwa uangalifu, kwa maana jaribio hilo hupunguza hatari lakini haliiondoi yote.

Usipake juu ya kichwa chenye kidonda au mba uliokwanguliwa. Ikiwa umetia dawa ya kulainisha nywele juzi, ngoja majuma mawili au zaidi, kwa sababu nywele na ngozi bado ni dhaifu. Vaa glavu. Tumia bakuli la plastiki wala si la chuma. Paka mafuta mazito kwenye paji la uso na masikioni, rangi isishike ngozi. Angalia saa, usiache dawa kichwani kupita muda ulioandikwa ukidhani itakolea zaidi. Wala usiguse kope na nyusi.

Na hapa Kajiado tuna jambo letu la pekee, nalo ni maji. Rangi yapasa isuuzwe mpaka maji yatoke meupe, na hiyo si kazi ya kikombe kimoja. Sisi tunaonunua maji kwa mtungi, au tunaongoja lori la maji na punda, twajua jinsi mkono unavyokuwa mzito kumwaga. Basi mtungi nao uhesabu katika gharama, kabla hujaufungua unga. Kama maji ya leo ni ya kupikia tu, leo si siku ya kupaka. Ubakizaji wa dawa kichwani kwa ajili ya kuokoa maji ni akiba mbaya.

Tena mabaki yaliyo bakulini usiyaweke kesho. Na unga uliobaki usiutie katika chupa ya soda wala mkebe wa chai. Ni sumu kali ikimezwa, na mtoto hawezi kusoma.

Zaidi ya hayo, usipake peke yako. Hakuna mtu anayeona kisogo chake. Mwite dada, mwite jirani, mwite shangazi, mmoja apake na mwingine asome karatasi kwa sauti. Jirani zetu Wamasai wamelijua hili tangu zamani. Morani hupaka nywele zake ndefu udongo mwekundu waliouita olkaria, uliochanganywa na mafuta ya wanyama, naye hatengenezi nywele zake akiwa peke yake kichakani. Wenzake wa rika lake humsuka, naye huwasuka. Na wakati wa eunoto ufikapo, ili awe morani mkubwa, ni mama yake anayezinyoa nywele zile. Zilipendeza, zikawa na majira yake, na majira yakaisha mbele ya watu wanaompenda.

Neno hilo la majira latuleta kwenye jambo zito zaidi. Kwa nini twapaka? Wengine wapenda urembo tu, na hao hatuna ugomvi nao. Lakini wako wanaopaka kwa hofu. Tumfikirie sasa baba mmoja, umri wake miaka hamsini na mitano. Kazi yake imekwisha. Kila asubuhi anapanda gari kwenda Kitengela na Athi River, anasimama malangoni pa viwanda pamoja na vijana. Anajua kwamba mwenye kuchagua watu humtazama kichwani kwanza. Basi usiku anajifungia chumbani na pakiti ya unga. Si urembo anaoutafuta. Anatafuta unga wa ugali.

Je, tumwambie nini baba huyu? Twaweza kumfungulia Mithali 16, mstari wa 31, tukamwonyesha kwamba mvi ni taji ya fahari kwake aendaye katika haki. Maneno hayo ni kweli. Lakini yeye aweza kutujibu, "Ndugu, taji hii yaninyima kazi." Naye hasemi uongo.

Ndiyo sababu twapenda kusoma pia Mambo ya Walawi, sura ya 19, mstari wa 32. Hapo Mungu anasema habari za mvi, lakini hasemi na mwenye mvi. Anasema na sisi wengine: tuinuke mbele yake, tumpe heshima. Amri ni yetu sisi tuliokaa. Kama sisi kanisani twamcheka mama kwa mvi zake, kama vijana wetu humwita mzee wa watu jina la mzaha, kama mwenye duka Mkristo humpita mtu mzima mwenye nguvu na kumchukua kijana asiyeijua kazi, basi sisi ndio tunaoziuza zile pakiti. Twamfukuza mtu kwenda kujificha usiku na bakuli.

Wala baba yule asidhani kwamba tumemkataza. Apake kama ameona vema, ila angoje siku zake mbili, kwa sababu watoto wake wamhitaji akiwa mzima kuliko wanavyomhitaji akiwa kijana. Na ajue jambo moja la kweli juu ya rangi hiyo. Katika Mathayo sura ya 5, mstari wa 36, Bwana Yesu alisema kwamba mtu hana uwezo wa kuufanya hata unywele mmoja kuwa mweupe au mweusi. Mtu wa leo aweza kusema, "Lakini mimi naufanya mweusi kwa shilingi chache tu." Basi na angoje mwezi mmoja. Nywele hukua kama sentimita moja hivi kwa mwezi, na kile kitokacho shinani hutoka cheupe vile vile. Unga haufiki shinani. Shina liko mkononi mwa Mungu, na gharama ya pakiti yarudi tena kila mwezi. Hiyo nayo ihesabiwe.

Basi juma hili twaomba mfanye mambo mawili. La kwanza, ikiwa nyumbani mwako mna pakiti, ichukue leo, isome yote, au mpe mtoto wa shule akusomee. La pili, mtafute mtu mmoja mwenye mvi katika kanisa lenu, mama au mzee, umpe salamu yako ukiwa umesimama, na umwulize swali ambalo yeye tu ana umri wa kulijibu. Mwulize jinsi walivyopita mwaka wa njaa. Mwulize jinsi alivyolea watoto bila fedha. Kisha kaa umsikilize mpaka amalize.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyezihesabu nywele zetu, zile nyeusi na zile nyeupe, twakushukuru kwa miaka uliyotupa. Uwaongoze mama zetu wanaohesabu shilingi usiku, wasipoteze afya wakitafuta akiba. Uwakumbuke baba zetu waliosimama malangoni wakitafuta kazi. Utupe sisi sote moyo wa kungoja, na utufundishe kuwaheshimu waliotutangulia. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.